Nusu Mlingoti Sokoni Kathonzweni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bunduki. Nilipewa kamba. Ilikuwa Migwani, Kitui, na nilikuwa nimetoka chuo cha mafunzo nikiwa na buti mpya zilizonibana na Biblia ndogo ambayo mama alikuwa ameishonea mfuko wa kitambaa. Sajini Mwandamizi wa kambi, mtu mfupi mwenye sauti ya mhubiri wa mkutano wa hadhara, alinisimamisha mbele ya ofisi ya Bwana DO, mkuu wa tarafa, akanielekeza macho juu.

"Unaona nini, kijana?"

"Mlingoti, afande."

"Na juu ya mlingoti?"

"Bendera, afande."

"Basi huyo ndiye mke wako mpaka nitakaposema vingine. Ukimtunza vibaya, nitakurudisha kwa mamako."

Ninyi vijana mnaosoma haya pengine hamjui kazi ya askari wa utawala ilikuwaje zamani zile. Tulilinda ofisi ya DO, tuliandamana na chifu kwenye baraza, tulitenganisha majirani waliogombania mpaka wa shamba. Lakini kila asubuhi na kila jioni kazi hizo zote zilingoja bendera. Askari wa zamu alipuliza filimbi, na kila aliyeisikia alisimama pale pale alipokuwa. Mwenye mkokoteni alisimama. Mwenye punda alimshika punda masikio asimame naye. Nimewahi kumwona mlevi akisimama wima kuliko askari. Bendera ilipofika mahali pake, filimbi ya pili ililia, na watu wakaendelea na maneno yao kutoka pale walipoyaachia.

Wiki ile ile Sajini Mwandamizi alinifundisha nusu mlingoti, yaani namna ya kupeperusha bendera wakati wa maombolezo. Nilifikiri ni kuipandisha tu na kuiacha katikati.

"Siyo hivyo," alisema. "Unaipeleka kwanza mpaka juu kabisa. Ikishafika kileleni, ndipo unaishusha polepole hadi katikati. Na jioni, kabla hujaitoa, unairudisha tena juu kabisa, kisha unaiteremsha yote."

"Kwa nini tuzunguke hivyo, afande?"

"Kwa sababu aliyekufa ni mtu. Nchi haijafa."

Alikuwa na neno lingine alilopenda kuturudia tukiwa kwenye gwaride. Alisema watu hudhani askari ameajiriwa kuwakimbiza watu, kumbe ameajiriwa kuwasimamisha. "Ukiweza kumsimamisha mwenye hasira," alituambia, "hata kwa muda wa kuvuta pumzi tu, shetani huchoka kungoja akaenda kutafuta mwingine." Tulicheka. Nilikuwa kijana wa kanisa na sikuona vyema askari kumtaja shetani kwenye gwaride, lakini neno lile nililishika.

Kutoka Migwani nilipelekwa kaskazini, kwenye mji wa wafanyabiashara wa mifugo. Wenyeji wengi walikuwa Waislamu, watu wa heshima, na mimi Mkamba wa kanisa nilikunywa chai yao ya maziwa ya ngamia miaka mingi bila mtu kuniuliza ninaabudu wapi. Koo mbili zilikuwa zikipigania kisima. Kisha akafa mzee mmoja ambaye koo zote mbili zilimtii kama mfalme. Nilishuhudia jambo ambalo sikulitarajia: waliokuwa wakiwindana juzi walifika mazishini siku ile ile aliyokufa, wakaacha silaha nje, wakapanga mstari wa sala bega kwa bega.

Nilimwendea Inspekta wetu kwa furaha. Nikamwambia vita vimekwisha, mzee amewaunganisha.

Inspekta, ambaye alikuwa mzaliwa wa huko, alinitazama kwa huruma. "Usifungue kamba za buti bado," alisema. "Wamekuja kumzika mzee. Ugomvi hawajauleta hapa, wameuacha kisimani. Watauokota wakirudi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kabla mvua haijanyesha tulikuwa tena tunabeba majeruhi. Sikuwahi kulisahau jambo hilo, na ndilo lililonifanya niwe mgumu wa kuamini miaka mingi baadaye, yalipofika mambo ninayotaka kuwasimulia.

Baada ya kaskazini nilipandishwa cheo kuwa koplo nikarudishwa Kitui, kituo cha Tulia, karibu na nyumbani. Ilikuwa miaka ya kesi za kuku na mbuzi walioingia shamba la watu. Nililima, nilisomesha watoto, nikafanywa mzee wa kanisa. Ningeweza kustaafia pale. Lakini siku moja ilikuja barua ya uhamisho: niende Makueni, Kathonzweni, nikiwa sajini, niongoze kambi ndogo ya askari wanne. Mke wangu alisema Mungu hampi mtu nyota begani bure. Nikamwambia sajini havai nyota, huvaa mistari mkononi. Akasema basi hata mistari.

Kathonzweni ni soko la watu wa shamba kavu. Siku ya soko huwa limejaa ndengu, mbaazi, mbuzi na vumbi. Upande wa juu kuna maduka, kinu cha kusaga na stendi ya bodaboda. Upande wa chini kuna akina mama wa nafaka na vibanda vya mafundi. Ofisi ya DO iko ubavuni, na mlingoti wake unaonekana kutoka pande zote mbili.

Mwaka ule wa uchaguzi, soko liligawanyika hapo hapo katikati. Upande wa juu walimtaka mgombea mmoja wa urais, upande wa chini wakamtaka mwenzake. Matokeo yalipotoka, wa chini walisema wameibiwa. Mahakama ilipofunga mjadala, wa juu walipiga honi za pikipiki mpaka kuku wakaacha kutaga. Nadhani mnajua jinsi mambo haya huanza na utani. Baadaye mama wa ndengu hakutaka tena kusaga kwenye kinu cha upande wa juu, na mwenye kinu akatuma watu wanunue mboga za sukuma wiki kijiji kingine.

Walioniuma zaidi ni vijana wawili wa kanisa letu. Mwanzia alikuwa mwenyekiti wa bodaboda, upande wa juu. Kyalo aliuza nafaka na mamake, upande wa chini. Walikuwa wamelelewa pamoja, wakaimba kwaya moja, Mwanzia sauti ya nne na Kyalo kwenye gitaa. Baada ya matokeo Kyalo alibeba gitaa lake akaenda nalo nyumbani. Jumapili iliyofuata kwaya iliimba bila ala yoyote, na Mwanzia akaimba kwa nguvu kupita kiasi, kama mtu anayesema hakosi kitu.

Kisha vijana wa upande wa chini wakaacha kusimama filimbi inapolia. Walipita katikati ya soko wakipiga soga huku bendera ikiteremshwa. Nilimwita Kyalo nikamuuliza sababu.

"Bendera ni yenu na watu wa juu, Sajini," alinijibu. "Sisi tupe soko tuuze ndengu."

Ndani ya wiki hiyo hiyo redio ikatangaza kwamba Malkia wa Uingereza amefariki. Amri ikashuka kutoka makao makuu: nchi nzima iomboleze, bendera zote nusu mlingoti. DO wetu wakati huo alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye bidii. Cheo chake kilikuwa kimebadilishwa jina katiba mpya ilipokuja, lakini sokoni wote walimwita Madam DO. Aliniita ofisini, uso wake uking'aa.

"Sajini, Mungu ametuletea nafasi. Msiba huwaleta watu pamoja. Hebu tuite baraza."

"Madam, mtu mwenyewe ni wa ng'ambo."

"Ndiyo maana. Si wa upande wa juu, si wa upande wa chini. Hapo hakuna wa kuibiwa wala wa kuiba."

Nilikumbuka kisima cha kaskazini, lakini sikutaka kumvunja moyo. Nikasema, "Sawa, Madam," nikaenda kumtafuta chifu.

Baraza lilijaa, maana watu walidhani kuna chakula cha msaada. Walikaa kama kawaida yao ya siku zile, wa juu kulia, wa chini kushoto, na nafasi katikati ambayo ng'ombe angepita. Madam DO aliwaambia kuhusu Malkia, kwamba alikaa kitini miaka mingi, kwamba alipokuwa kijana sisi pia tulihesabiwa kuwa watu wake. Akawaomba wasimame kimya kwa heshima.

Kabla hawajasimama, Kyalo aliinua mkono. "Madam, samahani. Kwani alikuwa nyanya yako?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa upande wa juu, ambaye babake alipigana vita vya Burma katika jeshi la mfalme, akainuka na fimbo. "Wewe mtoto, nyamaza! Baba yangu alipewa medali na baba wa huyo mama!"

"Na wangu alipewa kiboko!" akapaza sauti bibi mmoja wa hapo hapo upande wa juu. "Kizuizini! Alirudi hawezi kushika jembe. Nimlilie nani?"

"Ni kweli, mwaitu!" Sauti hiyo ilikuwa ya Mwanzia, akimwita bibi yule mama kwa Kikamba. "Mimi pia sioni kwa nini bendera yetu ishushwe kwa ajili ya watu hao."

"Hata mimi," akasema Kyalo.

Halafu wote wawili wakagundua wamekubaliana mbele ya watu. Kyalo akatazama viatu vyake. Mwanzia akajifanya simu inalia.

Baraza likavunjika kwa kelele. Wazee wa pande zote walikuwa wakibishana na vijana wa pande zote, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi nafasi ile ya katikati ilijaa watu. Madam DO alikuwa karibu kulia. Mimi nilijiwazia moyoni kwamba Malkia ametusaidia kwa namna asiyoijua, ametuvuruga upya. Lakini hiyo haikuwa amani. Watu walikuwa wamebadilisha tu cha kubishania.

Kesho yake alikuja kambini Fundi Muli, seremala wa upande wa chini, amekunja kofia mikononi. "Sajini, kuna kitu kinanisumbua. Mwanzia aliniagiza jeneza. Nikamuuliza marehemu ana urefu gani nipime mbao. Akacheka. Akasema marehemu ni mrefu kama kura zilizopotea."

Nikaelewa. Huko kwingine nchini vijana walioshinda walikuwa wakibeba majeneza ya mzaha, wakijifanya wanamzika mgombea aliyeshindwa. Sasa hata sisi.

"Umeshalitengeneza?"

"Nilishalimaliza, walishalichukua. Mimi nilidhani kuna mtu amekufa, Sajini. Nilitumia mbao nzuri."

Nilimwendea Mwanzia stendini. Alikana kwa upole, kisha akasema, "Hata kama lipo, Sajini, kubeba mbao ni kosa gani?" Sikuliona jeneza lenyewe popote, nami sikuwa na haki ya kuvunja milango ya watu.

Jioni hiyo mamake Kyalo alikuja peke yake. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila leso kiunoni. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Sajini, kwenye magunia yangu ya ndengu kuna mawe. Kyalo na wenzake wanangoja hilo jeneza kesho, siku ya soko. Wamesema likivuka upande wetu, atakayelibeba atalala ndani yake."

"Yamwage hayo mawe, mama Kyalo."

"Nikiyamwaga itasaidia nini? Mto wote umekauka, ni mawe matupu. Ataokota mengine. Kakake nilimzika pikipiki ilipomgonga. Huyu ndiye amebaki. Wewe ni mzee wa kanisa. Usikubali nizike wa pili kwa ajili ya watu wa Nairobi ambao hata jina langu hawalijui."

Nilimwahidi nitafanya niwezalo. Alipoondoka nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu anionyeshe, kwa sababu mwenyewe sikuona. Askari wanne hawawezi kulitenganisha soko zima. Na bunduki, Sajini Mwandamizi wangu wa Migwani alishanifundisha, ikishalia sokoni huwezi kuiambia risasi ichague.

Siku ya soko ilipita kwa utulivu wa kutisha. Akina mama walipanga bidhaa zao wakauza bila kupayuka. Niliwaweka askari wawili katikati ya soko, na wawili getini. Bendera ilikuwa nusu mlingoti tangu asubuhi, imelegea, upepo hakuna. Jua lilipoanza kushuka nikaanza kumshukuru Mungu mapema. Ndipo nikasikia honi za pikipiki kutoka upande wa juu, kisha wimbo wa mazishi, ukiimbwa kwa kicheko.

Madam DO alitoka mbio ofisini. "Sajini! Wanakuja! Chukua askari wote twende!"

Nilitazama saa. Ulikuwa wakati wa bendera. Askari wa zamu alikuwa amesimama getini na bunduki yake, macho yote sokoni, bendera amesahau kabisa. Sikumlaumu.

"Madam, ni saa ya kuteremsha."

"Achana na bendera! Watu watauana!"

"Sisi tukikosa kusimama, Madam, nani atasimama?"

Sijui niliyapata wapi maneno yale. Alinitazama, kisha akaweka mikono ubavuni akasimama wima. Nilienda mlingotini mwenyewe, nikapuliza filimbi kwa pumzi yote niliyokuwa nayo.

Kutoka pale mlingotini niliona soko zima. Mwanzia na wenzake watano walikuwa na jeneza mabegani, wamevuka katikati, wako mbele kabisa ya magunia ya mama Kyalo. Filimbi iliwakuta mguu mmoja mbele. Wakasimama. Hawakutaka, nina hakika, lakini wote walisoma shule iliyo nyuma ya ofisi ile na miguu yao ilishaizoea filimbi. Wimbo ukakatika katikati ya mstari. Honi zikanyamaza.

Vijana wa upande wa chini hawakusimama. Kyalo alitoka na jiwe mkononi, na nyuma yake vijana kumi hivi. Ili amfikie Mwanzia ilibidi ampite mamake. Naye mama Kyalo alikuwa amesimama kama mti, ungo wa ndengu kichwani, mikono imenyooka, macho kwenye bendera. Hakugeuka. Lakini soko lilikuwa kimya, hata mimi nilimsikia.

"Kyalo. Simama."

Kijana akasimama. Walio nyuma yake wakasimama.

Basi nikaanza kazi. Ninyi mliosoma tangu mwanzo mnajua kwamba bendera iliyo nusu mlingoti haiteremshwi moja kwa moja. Ilibidi niirudishe kwanza juu kabisa. Niliivuta taratibu, jinsi nilivyofundishwa. Ikafika kileleni, nikaiacha hapo. Ndipo nikaanza kuiteremsha, mkono baada ya mkono, na sikuharakisha, kwa sababu bendera ya maombolezo hairuhusiwi kuharakishwa.

Muda huo wote hakuna aliyesogea. Sita walikuwa na jeneza mabegani, na mbele yao kijana mwenye jiwe, karibu kiasi cha kugusana. Jeneza la mzaha ni la mzaha likiwa linachezeshwa na kuimbiwa. Likisimama kimya, na bendera ya maombolezo inashuka nyuma yake, ni jeneza tu. Niliona wazee wakivua kofia. Bibi yule wa baraza, ambaye babake alipigwa kiboko, alijifunika kichwa kwa kanga. Sidhani alimkumbuka Malkia. Nadhani kila mmoja alimkumbuka wake.

Nilikunja bendera, nikapuliza filimbi ya pili.

Hakuna aliyeondoka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kuona filimbi ya pili ikikosa kutiiwa. Mama Kyalo ndiye aliyeshusha ungo.

"Mwanzia," alisema. "Huyo mliyembeba ni nani?"

"Si mtu, mwaitu. Ni mchezo tu."

"Haya. Mchezo wenu mnauzika wapi? Maana hapa kwenye ndengu zangu hauwekwi."

Mwanzia akageuka kidogo, kutafuta pa kulitua. Fundi Muli akaruka. "Si kwenye kibanda changu!" Wakajaribu kurudi upande wa juu. Mwenye kinu, mtu wao kabisa, akasimama mlangoni ametanua mikono. "Hapana, hapana! Mimi na watoto wangu tuko wazima!"

Niwaeleze. Kwetu Ukambani watu huogopa thavu, najisi inayomfuata mtu aliyevunja mwiko, na jeneza tupu huogopwa kupita yote, kwa sababu husemwa linatafuta wa kulijaza. Mimi ni Mkristo na siogopi thavu. Hata hivyo nakiri sikutaka walilete kambini.

Wakabaki katikati ya soko na mzigo wao. Mbao zilikuwa nzuri, kwa hiyo zilikuwa nzito. Mmoja wa wabebaji, kijana mwembamba, mguu ukaanza kumtetemeka, na watu wote wa pande zote wakapiga kelele kwa sauti moja, "Usiangushe!" Kuliangusha kungekuwa kubaya zaidi.

Kyalo alitupa jiwe chini, akaingia chini ya pembe ile, akalishika.

"Wewe ni mjinga sana," alimwambia Mwanzia kupitia ubao.

"Najua," akajibu Mwanzia. "Inua kidogo upande wako."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na kilipokwisha kuanza hakikuzuilika. Wakalileta getini kwangu, watu wa juu na wa chini wakifuata. "Sajini, serikali ichukue!" Madam DO akasema serikali haina mahali pa jeneza. Fundi Muli akajitolea kulivunja, lakini kwa sharti pande zote zitazame, asije mtu akasema upande mwingine umeliroga. Mchungaji akaitwa akaomba. Fundi akaanza kung'oa misumari hapo hapo getini, na kila msumari ulipong'oka watu walivuta pumzi.

Zikabaki mbao, na swali la kuzifanyia nini. Hakuna aliyetaka kuzipeleka kwake.

"Choo cha soko hakina mlango tangu mvua zilizopita," akasema mama Kyalo. "Wanaume mnaingia pale mmeziba uso kwa kofia kana kwamba hatuwajui. Tengenezeni mlango."

Ukatengenezwa siku iliyofuata. Mwanzia alishika ubao, Kyalo akapigilia bawaba.

Madam DO aliniambia baadaye, akiwa na furaha ya mtoto, "Umeona, Sajini? Nilikwambia Malkia atatuunganisha." Nilimwambia nashukuru. Na kweli alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani, kwa maana bila msiba ule bendera ingeshuka haraka kama siku zote, na Kyalo angepata nafasi. Lakini nimelifikiria sana swali hilo tangu nistaafu, na vijana huniuliza, je, kifo cha mfalme au malkia kinaweza kuiunganisha nchi iliyogawanyika? Jibu langu ni dogo. Kinaweza kuisimamisha. Inspekta wangu wa kaskazini alisema kweli, ugomvi hubaki pale ulipoachwa. Mambo yetu ya kura yalibaki, na nadhani yatakuwapo uchaguzi ujao. Ila ukiwa umesimama mbele ya mwenzako kwa muda, ukamwona mguu unavyomtetemeka chini ya mzigo, kuna mambo huwezi tena kumtendea. Mengine baada ya hapo ni kazi yenu wenyewe, na hakuna mfu atakayeifanya.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Jioni yangu ya mwisho niliteremsha bendera, nikaikunja, nikamkabidhi koplo filimbi yangu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumpiga mtu risasi. Nilipofika nyumbani karibu na Tulia nilivua buti, nikakaa mlangoni nikalia kidogo, si kwa huzuni. Nilijisikia kama mtu aliyevuka mto na mtoto wa watu mgongoni, akamtua ng'ambo mkavu.

Juzi nilialikwa Kathonzweni kwenye sherehe ya kanisa. Kwaya iliimba na gitaa. Jioni kabla ya kuondoka niliingia choo cha soko, nikafunga ule mlango. Bado ni imara, Fundi Muli alitumia mbao nzuri kweli. Nikiwa ndani nikasikia watu wawili nje wakingoja zamu, na mara moja nilizitambua sauti.

"Wewe ngoja tu uchaguzi ujao," alikuwa akisema Kyalo. "Safari hii mtalia."

"Mlilia nyinyi, mkaishiwa machozi," Mwanzia akamjibu. "Mlikuwa mnakopa kwa majirani."

"Hamkushinda! Hata wewe unajua ha—"

Filimbi ikalia kutoka ofisi ya DO. Nje kukawa kimya kabisa. Na mimi huko ndani, mzee mstaafu, nyuma ya mlango, ambako hakuna aliyeniona isipokuwa Mungu, nikajikuta nimesimama wima, visigino pamoja, mikono ubavuni. Nilisimama hivyo mpaka filimbi ya pili.

"—mkushinda," akamalizia Kyalo.

Nikacheka peke yangu, nikamshukuru Bwana, nikawafungulia mlango.